Mpira Unaolia: Zana za Kumshirikisha Mtoto Mwenye Ulemavu katika Somo la Michezo

Utangulizi

Katika mojawapo ya safari zetu za kukagua mazoezi ya kufundisha, tulimkuta mwanachuo mmoja akifundisha michezo darasa la IV. Andalio lake la somo lilikuwa kamili, uwanja umechorwa vizuri kwa majivu, na filimbi ikilia kwa wakati wake. Watoto walikimbia, waliruka, walirushiana mpira, wakatoka jasho. Chini ya mwembe, pembeni mwa uwanja, alikaa mtoto mmoja juu ya kiti cha magurudumu. Mapajani mwake palikuwa na rundo la sweta za wenzake. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba huyo ndiye mtunza nguo wa darasa, na kwamba kazi hiyo anaiweza sana.

Tulijaza karatasi ya upimaji. Penye usimamizi wa darasa tuliandika "vizuri sana". Penye ushiriki wa wanafunzi tuliandika vivyo hivyo. Tukiwa njiani kurudi chuoni, mmoja wetu akauliza: "Hivi yule wa chini ya mwembe, leo amejifunza nini?" Hakuna aliyejibu.

Kosa lile halikuwa la mwanachuo peke yake. Yeye alifundisha kama alivyofundishwa, na waliomfundisha ni sisi. Tangu siku ile tulianza kutafuta, pamoja na wanachuo wetu, zana na mbinu ambazo zingemtoa mtoto yule chini ya mwembe na kumwingiza uwanjani. Makala haya yanaeleza tuliyojifunza, pamoja na yale yaliyotushinda.

1. Kwa nini mazoezi ya viungo ni haki ya mtoto huyu?

Wako walimu wanaodhani kwamba kumwacha mtoto mwenye ulemavu apumzike ni kumhurumia. Huruma ya namna hiyo humdhuru. Mtoto asiyetumia misuli yake hudhoofika. Viungo visivyonyooshwa hukakamaa. Anayekaa kutwa nzima bila kujiinua huweza kupata vidonda vya mgandamizo. Zaidi ya hayo, asiyecheza na wenzake hukosa marafiki, na darasa zima hujifunza kwamba yeye si mmoja wao.

Mwezi Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya mazoezi ya mwili ambao, kwa mara ya kwanza, ulikuwa na sehemu yake kamili kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mwongozo huo unashauri kwamba watoto wenye ulemavu wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 kila siku za mazoezi ya kutosha kuharakisha pumzi na mapigo ya moyo, na kwamba angalau siku 3 kwa juma yawemo mazoezi mazito na ya kuimarisha misuli na mifupa. Tutazame vizuri: kiasi hicho ndicho hicho hicho wanachoshauriwa watoto wasio na ulemavu. Mwongozo unaongeza kwamba mazoezi hayo hayana hatari kubwa kwa mtoto mwenye ulemavu, mradi tu yalingane na hali ya afya yake na uwezo wake.

Kwa upande wa sheria, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara yake ya 30, unazitaka nchi zihakikishe kuwa watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo sawa na wenzao, ikiwemo michezo ya shuleni. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Basi mwalimu anayemwingiza mtoto huyu uwanjani hamfanyii hisani. Anatimiza wajibu wake.

2. Teknolojia ni nini?

Neno teknolojia likitajwa, wengi hufikiria mitambo na umeme. Sisi tunalichukua kwa maana yake pana: ni chombo chochote, au namna yoyote ya kukitumia chombo, inayoondoa kizuizi kati ya mtu na kazi anayotaka kuifanya. Njuga iliyotiwa ndani ya mpira ni teknolojia. Kamba inayowaunganisha wakimbiaji wawili ni teknolojia. Na simu ya mkononi ni teknolojia pia.

Historia inathibitisha hayo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde na mshale katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Washindani walikuwa 16 tu, waliokuwa askari walioumia vitani, na wote walishindana wakiwa katika viti vya magurudumu. Kutokana na mbegu hiyo ilimea Michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Vyombo vilikuwa upinde, mshale na kiti. Kilichobadilika ni fikira za aliyeviweka pamoja.

3. Zana kwa mahitaji mbalimbali

(a) Mtoto asiyeona

Mpira wa kawaida ni bubu; asiyeona hawezi kujua uliko. Mwaka 1946, Mwaustria Hans Lorenzen na Mjerumani Sepp Reindle walibuni mchezo wa goliboli kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mpira wake una kengele ndani na matundu ya kutolea sauti; uzito wake ni kilo 1.25. Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na goli lina upana sawa na uwanja. Kila timu ina wachezaji watatu, na wote hufunikwa macho ili kusiwe na mwenye nafuu kuliko mwingine. Mistari ya uwanja huwekewa uzi chini yake, mchezaji aipapase na kujua aliposimama.

Mpira huo ni ghali, lakini mfano wake hutengenezeka shuleni. Wanachuo wetu walijaribu kwanza kutia changarawe ndani ya chupa ndogo na kuizungushia matambara. Matambara yalipozidi, sauti ikafa. Njia iliyofaa ni hii: chukua mpira wa plastiki ngumu unaosimama wenyewe bila kujazwa upepo. Upasue kidogo kwa kisu, utie ndani njuga nane au kumi, au vizibo vya soda vilivyobondwa kingo zake zisikate. Mpelekee fundi viatu aushone. Kisha toboa matundu madogo manane kwa msumari uliochomwa moto, ili sauti ipate kutoka. Ujaribu kabla ya somo: uviringishe polepole, na mtu aliyefumba macho asimame hatua kumi mbali. Asiposikia, haufai.

Mistari ya uwanja tuliifanya kwa kamba nene ya katani iliyofukiwa nusu ardhini. Kila mtoto alileta kitambaa chake cha kufunikia macho. Tusiruhusu vitambaa vya kuazimana, kwani magonjwa ya macho huambukizwa kwa njia hiyo.

Kwa mbio, mtoto asiyeona huunganishwa na mwenzake kwa kamba fupi iliyofungwa kitanzi kila upande. Sheria za mashindano makubwa zinakataza kiongozi kumvuta mkimbiaji, na zinadai mkimbiaji avuke mstari kabla ya kiongozi wake. Tuzifuate hata shuleni, maana zinatukumbusha mbio hizo ni za nani. Mkenya Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, alishinda mbio za mita 5,000 za Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000. Kuelekea mwisho kiongozi wake aliishiwa nguvu, ikawa anayeongozwa ndiye anayemhimiza mwongozaji. Kisa hiki tukiwasimulia watoto, tusiwaongezee mahubiri, kinajieleza chenyewe.

(b) Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu

Kiti hiki, ambacho wengi hukiita kitimwendo, ni sehemu ya mwili wa mtoto. Mwenzake asikisukume wala asikiegemee bila kuulizwa. Kabla ya somo mwalimu akague mambo manne: upepo wa matairi, breki, mkanda, na mto wa kukalia. Tairi lililolegea humchosha mtoto upesi kuliko mchezo wenyewe. Bonyeza kwa kidole gumba, likibonyea kwa urahisi, lipigwe pampu ile ile ya baiskeli. Katikati ya somo mtoto ajiinue kwa mikono mara kadhaa ili damu ipite sehemu anazokalia. Ikiwa kiti hakimtoshi au kinamchubua, mwalimu amweleze mzazi na kumwelekeza kwa mafundi wenye ujuzi. Huko Moshi kipo chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachowafunza mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, na wahitimu wake wako katika hospitali mbalimbali.

Si lazima mtoto huyu abaki juu ya kiti katika kila mchezo. Mpira wa wavu wa kukaa huchezwa wote wakiwa chini, na wavu hushushwa: mita 1.15 kwa wanaume, mita 1.05 kwa wanawake. Wachezaji wa Rwanda, wanaume mwaka 2012 na wanawake mwaka 2016, waliuchezea mchezo huu hadi kufika Paralimpiki. Shuleni tunahitaji kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, mikeka au magunia, na mpira mwepesi. Mtoto aliyezoea kutambaa mara nyingi atawazidi wenzake katika mchezo huu. Nasi tumeyaona hayo.

(c) Mtoto ambaye mikono haimtii

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huweza kushindwa kushika na kurusha, ilhali akili yake inalenga barabara. Mchezo wa bocha, ulioingia Paralimpiki mwaka 1984, uliwafikiria watu wa namna hii. Mpira mweupe hutangulizwa. Kisha kila upande, wenye mipira sita, hujitahidi kuisogeza karibu na ule mweupe. Asiyeweza kurusha huwekewa mfereji ulioinama, akaelekeza mwenyewe pa kuutazamisha, kisha akaachia mpira uteremke. Mfereji wetu ulikuwa bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu na kuwekwa juu ya dawati. Msaidizi akiushika, aupe uwanja mgongo, asije akamlengea mchezaji.

(d) Mtoto kiziwi, na wengineo

Mtoto kiziwi hahitaji zana ya kuchezea. Anahitaji ishara badala ya filimbi. Bendera ya rangi kali, mkono ulioinuliwa, au kurunzi vyatosha. Mwalimu asizungumze huku amempa mgongo. Mtoto mwenye ualbino acheze asubuhi au penye kivuli, akiwa na kofia pana na mikono mirefu. Mpira wake uwe wa rangi inayoonekana waziwazi. Mtoto mwenye ulemavu wa akili aelezwe hatua moja kwa wakati mmoja, na aonyeshwe kwa vitendo. Mwenye kifafa, au mwenye tatizo la moyo au la mgongo, mwalimu apate kwanza ushauri wa mzazi na wa kituo cha afya.

4. Simu na saa

Leo walimu wengi wana simu za mkononi. Simu yaweza kuwa saa ya kupimia mbio, ngoma ya kutolea mapigo, au kengele ya kuwekwa nyuma ya goli ili asiyeona ajue pa kuelekea. Yaweza pia kupiga picha ya video, mtoto akaona jinsi anavyosukuma kiti na kujirekebisha. Picha hiyo isitumwe kwa watu wengine. Ni ya somo.

Lakini tuwe macho. Vyombo vingi vya kuhesabu mazoezi vilibuniwa kuhesabu hatua, hivyo mtu anayesukuma kiti cha magurudumu kutwa nzima alihesabiwa kama amekaa bure. Mwaka 2016 ndipo kampuni ya Apple ilipoiwezesha saa yake kuhesabu misukumo ya mikono badala ya hatua. Hapa pana funzo kwa mwalimu: kipimo kikimwacha mtoto nje, kosa ni la kipimo. Mwalimu asiye na saa hiyo achukue daftari, na mwenzake wa mtoto ahesabu misukumo katika dakika moja. Baada ya majuma manne namba zitazungumza.

5. Andalio la somo la mfano

Darasa: IV. Idadi: wanafunzi 48, miongoni mwao asiyeona mmoja, anayetumia kiti cha magurudumu mmoja, na kiziwi mmoja. Muda: dakika 40.

Madhumuni: Kila mwanafunzi aweze kusogeza mwili wake mpaka apumue kwa kasi, na aweze kutaja badiliko moja la kanuni linalomfanya mwenzake ashiriki.

Zana: mpira wa njuga, kamba za mbio, mfereji na mipira midogo, kamba ya wavu, mikeka, bendera, debe la kupiga.

Hatua ya kwanza (dakika 5): Wanafunzi wanauzunguka uwanja. Asiyeona anapapasa mistari na kuonyeshwa mwembe ulipo, ukuta ulipo na shimo lilipo. Ishara za bendera zinakubaliwa na wote.

Hatua ya pili (dakika 8): Kupasha mwili joto kwa mdundo wa debe. Mwalimu haamuru "rukeni". Anasema "sogezeni mwili kwa nguvu", na kila mtoto anachagua namna yake.

Hatua ya tatu (dakika 20): Vituo vinne, wanafunzi 12 kila kituo: mpira wa njuga, mbio za kamba, bocha ya mfereji, na mpira wa wavu wa kukaa. Kila kituo kina dakika nne za kucheza na moja ya kuhama. Katika mpira wa njuga wote wanafungwa macho. Katika mbio za kamba, kila jozi ina mmoja aliyefumba macho. Mtoto wa kiti cha magurudumu anapewa njia yake pembeni, pana kiasi cha kutomgonga mtu miguu.

Hatua ya nne (dakika 7): Kupooza mwili, kunywa maji, na maswali: Ni wapi ulishindwa? Tubadilishe nini juma lijalo?

Tathmini: Mwalimu asiandike "somo limefanikiwa". Aandike kila mtoto alicheza dakika ngapi, na nani alisimama tu.

6. Yaliyotushinda

Mara ya kwanza kulitumia andalio hili, kituo cha mpira wa njuga kilivurugika. Mpira ulikuwa mzuri, tena ulilia sawasawa. Lakini watoto wa vituo vingine walishangilia kwa nguvu, na mtoto asiyeona akasimama katikati ya kelele asijue aelekee wapi. Katika goliboli watazamaji hutakiwa kunyamaza mpira unapochezwa, nasi tuliisahau kanuni hiyo. Tulikihamishia kituo hicho nyuma ya jengo, tukawafundisha watoto kushangilia kwa kupunga mikono juu, kama viziwi wafanyavyo. Mtoto kiziwi wa darasa lile ndiye aliyewafundisha wenzake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele yao kama mwalimu.

Siku nyingine tulitegemea simu itoe mlio nyuma ya goli, betri ikaisha kabla ya somo kufika nusu. Tangu hapo tuna kanuni moja: zana ya umeme iwe nyongeza; somo lisimame hata ikizimika. Debe halihitaji chaji.

Tatu, tuliwahi kumpa mtoto wa kiti cha magurudumu alama za bure ili ashinde. Akakasirika, akasema hataki kuhongwa. Alikuwa na haki. Mabadiliko ya kanuni yampe nafasi ya kushindana, yasimpe ushindi.

Hitimisho

Tulirudi katika shule ile ya mwembe muhula uliofuata. Mwanachuo mwingine alikuwa akifundisha, darasa lile lile. Mtoto tuliyemkuta akitunza sweta alikuwa mkekani, chini ya kamba ya wavu, akibishana na mwamuzi kwamba mpira haukutoka nje. Sweta zilikuwa zimetundikwa kwenye tawi. Karatasi ya upimaji tuliijaza safari hii baada ya kuhesabu watoto mmoja mmoja.

Ndugu wanachuo, mtakapopangiwa shule mtaambiwa kwamba vifaa hakuna, na mara nyingi itakuwa kweli. Anzeni na fundi viatu, njuga na kamba ya katani. Kabla ya kupiga filimbi, tazameni chini ya miti.

Maswali ya kujadili

1. Chagua mchezo mmoja unaochezwa na watoto wa kijijini kwenu, kama vile rede au kuvuta kamba. Ni kanuni ipi utaibadilisha ili mtoto asiyeona ashiriki, na ipi utaiacha ili mchezo usipoteze ladha yake?

2. Eleza tofauti kati ya kumpa mtoto nafasi na kumpa ushindi.

3. Tengeneza mpira unaolia kwa vifaa vinavyopatikana karibu na chuo. Ujaribu kwa hatua kumi na kwa hatua ishirini, kisha uandike ulichorekebisha.

4. Mzazi anakataa mtoto wake mwenye ulemavu asicheze kwa kuogopa ataumia. Utamwambia nini, na utamwonyesha nini?